Kozi ya Kanda Nne

Kozi ilikuja kwa posta: kanda nne za kaseti, kijitabu chembamba na karatasi ya maswali ya kweli au si kweli. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi karibu na Ekerenyo, na kanisa lilikuwa limenichagua niwe mlezi wa kikundi cha vijana, kazi ya kujitolea. Bila cheti cha kozi hiyo nisingeruhusiwa kuwapeleka watoto kambini Desemba. Nikanunua betri, nikaweka redio mezani, nikabonyeza.

Mpaka leo nikikumbuka nachemka. Bwana mmoja mwenye sauti laini mno alituambia tutabasamu. Alituambia mtoto mwenye shida huisema mwenyewe, mradi aulizwe kwa upole mara tatu. Kanda ya tatu ilirudia ya pili neno kwa neno. Ya nne ilikuwa na wimbo mmoja, halafu mvumo mtupu upande mzima, na mimi mjinga niliusikiliza hadi mwisho nikidhani kuna kitu kinakuja. Majibu ya maswali yalichapwa nyuma ya kijitabu. Niliyanakili, nikakosea moja makusudi ili nisishukiwe, na cheti kikaletwa kikiwa na muhuri mwekundu.

Hapo ndipo wasiwasi uliponianza. Watoto ishirini na saba, siku nne, na sikuwa nimefundishwa chochote. Tena tulibaki walezi wawili, wote wanaume, kwa sababu mama aliyekuwa atusaidie alijifungua wiki ile ile. Nilimwendea mzee wa kanisa nikamwambia ninaogopa.

“Si una cheti?” akaniuliza, akacheka, akaendelea kukata majani ya ng'ombe.

Jambo lenyewe nililoliogopa nilikuwa nalijua tangu utotoni. Kwetu Gusii, mtu aliye kizazi kimoja na baba yako katika ukoo ni baba yako, hata kama amekuzidi miaka michache tu. Unamwita tata, na mbele yake hutaji mambo ya mwili. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na haina mchezo. Nusu ya wasichana wa kikundi waliniita tata. Bwana wa kaseti hakuyajua hayo. Mimi niliyajua, na bado nikafuata kaseti.

Siku ya pili ya kambi tulipanda kilima. Msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa anabaki nyuma, akiburuta mguu. Nikarudi kwake, nikatabasamu.

“Una nini?”

“Hakuna, tata.”

Nikauliza tena, na tena. Hakuna, tata. Nikashusha pumzi kwa sababu nilikuwa nimetimiza yangu. Wingu lilikuwa linakusanyika, wenzake walishatangulia mbali, na nilikuwa na hasira za mtu mwenye hofu. “Basi kaza mwendo, usitucheleweshe,” nikamwambia. Akakaza. Alipanda kilima chote na akateremka bila kulalamika, na jioni nikamsifu mbele ya wenzake.

Asubuhi yake hakugusa uji. Alikuwa ameketi benchini kwa upande mmoja, uso umempauka, jasho linamtoka na kulikuwa na baridi. Nilimuuliza, akatazama chini. Nilisimama pale nikibishana na nafsi yangu kama nimguse paji la uso. Nilipomgusa, alikuwa moto.

Bahati ilikuwa bibi mmoja wa jirani aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Bibi na mjukuu kwetu hawana chinsoni, wanataniana watakavyo. Aliweka kibuyu chini, akamtazama mtoto.

“Wewe mke mwenzangu, mbona umekalia tako moja? Lingine umelikopesha nani?”

Msichana akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Akamnong'oneza. Bibi akampeleka nyuma ya jiko, akamzungushia leso. Aliporudi hakuwa na utani tena.

“Ana jipu kwenye nyonga, kubwa, limeingia ndani. Lina wiki nzima. Na wewe umempandisha mlima.”

Tulimbeba kwa baisikeli hadi barabarani, na lori la majani chai likatuchukua hadi Nyamira. Alilala juu ya magunia akitetemeka. Kila alipofumba macho nilimwita jina, naye kila mara akaitika kwa adabu, “Ee, tata,” mpaka sauti ikawa ndogo nisiisikie kwa ngurumo ya injini. Sijawahi kuogopa vile tena. Hospitalini walimpasua mara moja. Daktari alisema sumu ilishaanza kuingia kwenye damu, na kwamba tungengoja hadi kesho, basi... Hakumaliza.

Mama yake alifika alasiri, miguu imejaa matope. Alinikuta kwenye korido.

“Mwalimu, hukuona mtoto anaumwa?”

Ningeweza kumweleza habari za kozi. Ningeweza kusema nilipewa kazi bila kufundishwa, na ingekuwa kweli.

“Niliona,” nikasema. “Nilimuuliza, akasema hakuna.”

Akanitazama bila hasira, kama anayejaribu kuelewa.

“Ukamuuliza wewe?”

Akanipita, akaingia wodini kwa mwanawe.