Sababu ya Kuongezewa Siku

Kwa siku ishirini na nane fundi viatu aliishi kwa dada yake kama mtu aliyeingia katika ndoto ya mwenzake, akikanyaga polepole asije akaikatiza. Nchi ya dada humruhusu mgeni kutembea siku thelathini bila viza, na siku ya kuwasili nayo huhesabiwa. Zilibaki mbili.

Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi za nyuma na sindano yake. Alishona viatu vyote vya nyumba ile, hata vya marehemu shemeji ambavyo havikuwa na wa kuvivaa. Lakini jambo lililomleta halikuwa limetoka kinywani. Miaka tisa nyuma mama yao aliugua miezi minne, na kila dada alipopiga simu, fundi alijibu, "Mama hajambo." Mama mwenyewe alimkataza kusema. Dada alipata habari mazishi yamekwisha. Hakuwahi kuuliza, fundi hakuwahi kueleza, na kila mmoja akabaki na donge lake.

"Viatu vyote umevishona," dada alimwambia wakinywa chai, "na mdomo wako nao umeushona. Haya, vaa twende uhamiaji. Siku zikikupita watakufukuza kama kuku aliyeingia sebuleni."

Kwenye foleni fundi alitazama chini, kama kawaida yake. Viatu vikapita taratibu, kila kimoja na habari zake: soli iliyolika mbele, ya mtu wa haraka, buti jipya linalomuumiza mwenyewe. Kisha vya dada. Kisigino cha kushoto alikuwa amekibadilisha juzi juzi tu, na tayari kilikuwa kimeanza kulalia ndani. Mama naye alikanyaga vivyo hivyo.

Karani wa dirishani alipokea pasipoti, picha mbili na tiketi ya kurudi, akampa fomu. "Jaza kote, mzee. Mwenyeji wako asome, atie saini."

Sababu ya kuomba kuongezewa siku. Kalamu ilisita. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini ilimfundisha kutoidanganya karatasi ya serikali. Akaandika kwa herufi kubwa za mviringo: "Nilimficha dada yangu ugonjwa wa mama. Nimekuja kuomba radhi. Siku ishirini na nane hazikutosha kuanza."

Dada alivaa miwani, akasoma, akarudia, kidole kikifuata maneno. Fundi alitazama kile kisigino. Kisha akasikia kalamu ikikwaruza saini.

Karani naye akasoma. "Mzee, hapa watu huandika 'kutalii'."

"Niandike upya?"

"Acha hivyo hivyo. Subirini kwenye benchi. Namba yenu arobaini na moja."

Jua la dirishani lilikuwa limejilaza sakafuni. Dada akavua viatu, akaweka miguu juani.

"Mama alikuwa akinitaja?"

"Kila ulipokata simu aliniambia nirudie ulivyosema. Neno kwa neno, hata kicheko chako."

"Ukacheka?"

"Nilicheka. Akasema sipatii."

Dada akacheka, kile kicheko chenyewe, kikaishia kwenye upindo wa khanga machoni. "Kweli hupatii, mdogo wangu. Haya, anzia siku aliyolala kitandani. Usiruke kitu."

Fundi akaanza. Namba arobaini na moja iliitwa mara tatu. Mwishowe karani alitoka mwenyewe, akaiweka pasipoti pajani kwa fundi, muhuri wa siku thelathini nyingine bado mbichi, akaondoka akinyata. Fundi hakuiona. Alikuwa bado kwenye wiki ya kwanza.