Adapta ya Mama Solda

Mtaa mzima ulimwita Mama Solda, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa fundi wa redio, runinga na chochote chenye bodi ndani, na harufu ya solda, ile risasi ya kuungia waya, ilimfuata mpaka kanisani. Ulimi nao alikuwa nao. Ukimpelekea simu iliyotumbukia kwenye ndoo, atakuuliza kwanza kama ulikuwa unaifundisha kuogelea, ndipo aipokee.

Ulimi huo aliurithi kwa baba yake. Mzee alikuwa dalali wa mnada. Shule hakuiona hata kupitia dirishani, a wala be hakuzijua, lakini hesabu zote alikuwa nazo kichwani na maneno yalimtoka bila kupumua. Mtu aliyekuja kutazama tu aliondoka na kabati mgongoni. Kisha kiharusi kikampiga, na katika vitu vyote alivyokuwa navyo kikachagua kumnyang'anya sauti. Upande mmoja wa mwili nao ukalala.

Mama Solda hakukaa akashika tama. Alimtengenezea kisanduku chenye vitufe. Ukibonyeza hiki kinasema "maji", kile "nigeuzeni", kingine "naumwa" au "zimeni taa". Mwanzoni alirekodi sauti yake mwenyewe, mzee akakunja uso. Mwanamume mzima aombe maji kwa sauti ya binti yake! Ikabidi aletwe jirani muuza mkaa, ambaye sauti yake hutokea tumboni, ayaseme maneno yale moja moja. Mzee aliposikia "maji" ya muuza mkaa, alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo kisanduku kikaitwa Mkaa.

Walikwenda hivyo hadi kiharusi kiliporudi. Safari hii kilimwachia mzee kidole kimoja tu, cha shahada, nacho kilikuwa kizito. Hakuweza tena kukipeleka kutoka kitufe hadi kitufe. Na hapo hapo, kana kwamba alingoja mlango ufungwe ndipo abishe, akaanza kutaka kusema jambo. Aligonga ukingo wa kitanda kwa kile kidole, akimkazia macho yeyote aliyeingia.

Mdogo wake Mama Solda, ambaye ndiye aliyemwogesha na kumlisha mzee, alijaribu kila njia. Walikuwa wamekubaliana kwamba mzee akifumba macho maana yake ni ndiyo. Alimuuliza kuhusu mto, blanketi, dirisha, tumbo, daktari. Mzee hakufumba. Kila siku kidole kiligonga taratibu zaidi, na dada wawili wale walijua, bila kuambizana, kwamba kuna siku hakitagonga.

"Fanya kitu, dada," mdogo mtu akasema. "Wewe ndiye fundi."

Fundi akafanya kitu. Akaamua kuibadili Mkaa iwe na kitufe kimoja: iyataje maneno yenyewe, moja baada ya jingine, ikitulia kidogo kila mara, na mzee abonyeze likifika lake. Maagizo mapya aliyaandika kwenye kompyuta kwa mchana mmoja, akaongeza na maneno mengi ambayo muuza mkaa alikuja kuyasema bila kuombwa mara mbili. Kilichobaki ni kuyaingiza kwenye bodi iliyokuwa ndani ya Mkaa. Lakini bodi ile ndogo haina tundu la USB. Kati yake na kompyuta lazima ikae adapta, kidubwana cha ukubwa wa kidole gumba, kinachogeuza lugha ya USB kuwa lugha ambayo bodi inaielewa. Ya kwake ya zamani ilikanyagwa na mteja mnene, ambaye bado hajaomba radhi.

Akaenda kwa muuza vipuri. Adapta zilikuwa zimejaa kwenye kopo la plastiki zikifanana kama mapacha. Alichukua moja, akakimbia nayo nyumbani. Kompyuta iliitambua, kisha ikaikana. Chipu ilikuwa ya bandia, na programu ya kuiendesha ilikuwa imefundishwa kukataa bandia. Mama Solda aliipa maneno ambayo hapa hayaandikiki, akarudi dukani.

Ya pili ilikuwa ya chipu nyingine, na kompyuta iliipokea vizuri. Bodi za aina ile hutaka volti tatu na pointi tatu. Ukizipa volti tano unaziua. Kwenye adapta palikuwa na pini imeandikwa 3.3, naye akafurahi, akaunga waya. Na hapa ndipo fundi wetu, mwenye kuwapigia kelele wanagenzi wote wa mtaani kwamba pima kwanza, hakupima. Mita ya kupimia umeme ilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Pini ile ilikuwa ya kutoa umeme tu. Waya wa kutuma ujumbe, wenyewe, ulikuwa unatembea na volti tano zake bila kumjali mtu. Bodi ilipata moto, ikanyamaza.

Bahati nzuri ile ilikuwa bodi ya akiba, aliyoijaribia kwanza. Ya Mkaa ilikuwa bado ndani ya kisanduku, nzima, na sasa ilikuwa imebaki peke yake. Mama Solda aliketi akiitazama ile iliyoungua. Kuanzia hapo woga ukamwingia. Alirudi kwa muuza vipuri na mita mkononi, akapima adapta zote za kopo, na zote zikasoma volti tano.

"Nipe yenye swichi ya kuchagua volti," akasema.

Muuza vipuri akamwambia hiyo haipo hapa, iagizwe mji mwingine, avute subira. Alikuwa mtu mwema, hakumdanganya. Mama Solda alivuta subira kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kila asubuhi alipita dukani, na kila asubuhi jamaa alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Nyumbani hakutaka kuingia chumbani kwa baba yake. Aliogopa yale macho. Alisimama mlangoni, akasikiliza kidole, akarudi mezani kusafisha vitu visivyo na uchafu.

Adapta ikaja. Ilikuwa nzuri, na alilijua hilo kwa sababu aliipima kila pini, kisha akapima tena. Aliunganisha waya wake wa kutuma na wa kupokea, akaandika herufi, zikamrudia zilivyo. Akaiunga na Mkaa. Maagizo yaliingia mara moja, bila kosa hata moja. Mdogo wake alimkumbatia, naye akajiruhusu kucheka.

Waliipeleka Mkaa chumbani pamoja na kompyuta. Mama Solda akaweka kitufe chini ya kidole cha baba, akamwambia abonyeze kujaribu. Akabonyeza. Sauti ya muuza mkaa ikaanza kuongea: maji, nigeuzeni, naumwa, nina baridi, fungueni dirisha, mwiteni daktari, mwiteni kasisi, nataka kwenda nje, asanteni, nisameheni. Neno lilitoka, chumba kikangoja, na neno jingine likafuata. Mzee alisikiliza kila moja kwa makini, kama mtu anayetafuta uso wa ndugu yake kwenye umati. Kidole kilikuwa palepale juu ya kitufe. Maneno yakaisha, yakaanza upya, yakaisha tena.

Mama Solda akainama.

"Baba, kidole kimeshindwa?"

Macho yakabaki wazi.

"Basi neno lako halimo humu?"

Mzee akafumba macho, akayafumba kwa nguvu, na alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi.

Kompyuta ilikuwa magotini mwa fundi na adapta imeshachomekwa, inafanya kazi ipasavyo. Neno lolote duniani lingeingia kwa dakika chache. Muuza mkaa alikuwa nyumba ya pili na angekuja mbio. Mama Solda aliweka vidole juu ya herufi, ambazo baba yake hakuwahi kuzijua, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Niandike nini?" akauliza.

"Sijui, dada," mdogo wake akasema.