Kesi Aliyoshinda Baba

Kwenye ukuta wa masjala ya korti kuna bango linalosema kwamba rekodi za mahakama ni za umma, na kila mwananchi ana haki ya kuziona. Nalijua bango hilo neno kwa neno, pamoja na alama ya kidole cha aliyelibandika gamu ikiwa bado mbichi. Nimelisoma nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa, na siku moja nikiwa na njaa mpaka herufi zikaanza kucheza. Haki ninayo, sikatai. Nilichokuwa sina ni namba ya faili.

Mambo yalianza na nguzo. Mama anaishi Ndabibi, kwenye shamba ambalo baba alinunua kwa pesa za kazi yake ya reli. Kati yetu na jirani kuna kipande kirefu cha ardhi, upana wake hatua kama ishirini hivi, na ndani yake ndimo lilimo kaburi la baba. Mzee jirani alipofariki, mwanawe alikuja kutoka Salgaa, ambako ana hoteli ya madereva wa malori, akapima mpaka kwa macho, akaanza kusimika nguzo za ua. Nguzo ya tatu ilisimama upande wa huku wa kaburi. Yaani baba alilala kwake akaamka kwa watu.

Mama ana miaka themanini na kitu, na si mtu wa maneno mengi. Alinionyesha nafasi iliyo wazi kando ya kaburi, akasema, "Hapo ndipo mtaniweka. Sasa niambie, nitapitishwa wapi wakishaweka waya?" Watu wa ukoo wetu kule magharibi walinuna baba alipokataa kuzikwa kwao. Alisema amenunua udongo wake na atalala ndani yake. Mama alimuunga mkono, na yeye pia wakamnunia. Huko hana pa kurudi, na huku nguzo zinamfukuza.

Nikaenda kwa chifu kifua mbele. Nilimwambia kesi ya kipande hicho iliamuliwa zamani, na baba alishinda. Sisi tumekua na hiyo habari. Kila Krismasi, nyama ikishaliwa, baba alikuwa akisimama, anavuta suruali juu, anatuonyesha jinsi alivyomburuta jirani kortini, jinsi hakimu alivyovua miwani, na jinsi jirani alivyotoka pale akiangalia viatu. Chifu alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akasema hadithi ni tamu sana, ila angeomba nakala ya hukumu yenye muhuri wa korti. Yule wa nguzo naye alikuwa ameambiwa asimame kwanza na alete alichonacho. Tukapewa mwezi mmoja.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nilibeba ndizi mbili tu.

Kwenye korti ya Naivasha, karani aliniambia siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikalipa, na mtandao ukaniomba namba ya faili. Nikarudi kwa karani. Akanipa fomu ya kutafuta faili, na mstari wa kwanza wa fomu ulitaka namba ya faili. Nikamuuliza kwa upole, na upole wangu una mpaka, kwamba kama namba ningekuwa nayo ningekuwa natafuta nini. Akaniangalia kwa huruma, kama daktari. "Mathe," akasema, "hiyo ndiyo fomu."

Basi angalau mwaka, akaongeza. Nikampigia mama. Mama hajui miaka kwa namba. Alisema ni mwaka ule ng'ombe mwekundu alizaa mapacha. Nikamweleza kwamba korti haina rejista ya ng'ombe. Akafikiri, akasema ni wakati ule nilianguka kwenye mpera nikavunjika mkono. Mkono huo naukumbuka vizuri, nilikuwa darasa la sita, kwa hiyo tukapata mwaka kutoka kwenye mfupa wangu. Karani alipousikia akafurahi kweli. Faili za zamani hivyo, akasema, zilishapelekwa Nakuru. Angeweza kuniambia hayo saa mbili asubuhi, lakini basi tungefahamiana vipi?

Nakuru ndiko nilikolisoma bango. Siku ya kwanza sistemu ilikuwa imelala. Siku ya pili sistemu iliamka, ila mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ameenda semina, na nilipouliza semina ya nini, nikaambiwa ni ya kuboresha huduma kwa mwananchi. Nikawapongeza. Siku ya tatu nilimpata mama mmoja wa makamo, sweta la kijivu, miwani imefungwa kamba shingoni, mtu ambaye nadhani alikaribia kustaafu na hakuwa tena na sababu ya kumwogopa yeyote. Hakuniomba namba. Aliniomba mwaka na jina, akaingia ndani, akatoka amekumbatia rejista kubwa tano zilizokatika migongo.

Akanieleza: upande wa kushoto ni walioshtaki, upande wa kulia ni walioshtakiwa. Akaweka rula kushoto, akaanza kushuka nayo jina kwa jina. Rejista ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kufikia ya tano nilikuwa nimeshaanza kuongea na dari. Nikasema wazi kwamba faili imenunuliwa. Nikasema watu wenye hoteli huko Salgaa wanajulikana, na wanaopokea bahasha zao pia wanajulikana. Nilisema mengi, na kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza mahindi nje ya geti. Yule mama akaniacha nimalize. Akapanguza miwani kwa ncha ya sweta.

"Hiyo habari kwamba baba yako ndiye alishtaki," akaniuliza, "mlipewa na nani?"

"Na baba."

"Nimefanya kazi hapa miaka mingi, mama. Mwanaume wa huku hajawahi kushtakiwa hata mmoja. Ukiwasikia nyumbani, wote walishtaki."

Akarudia rejista ya kwanza, akahamisha rula upande wa kulia. Hata chai haingepoa. Baba alikuwa pale, kulia, jina lake kamili, na kushoto kwake jina la jirani.

Nilijiambia si neno. Mtu anaweza kushtakiwa na bado akashinda, na pengine huo ndio ushindi mtamu zaidi. Nikaandika barua ya kuomba kuiona faili, nikalipa, nikapeleka risiti, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Alhamisi nikarudi. Faili ilikuwa nyembamba, imefungwa uzi, pembe moja imeliwa na panya. Walikuwa wamekula barua za wakili pekee, na siwalaumu.

Nikaanzia mwisho, kama mtoto aliyeletewa ripoti ya shule. Hukumu ilikuwa ya Kiingereza kifupi kisicho na huruma. Mpima ardhi alikuwa ameenda Ndabibi na akakuta ua wa katani umesogezwa hatua ishirini, na aliyeusogeza ni baba. Kipande ni cha jirani. Baba aliamriwa atoke ndani ya siku tisini na asirudi kulima hapo. Nilimkasirikia hakimu kwanza. Kisha nikamkasirikia mpima ardhi. Walipoisha hao, hapakubaki mwingine ila baba, na nilimfikia mwisho kwa sababu sikutaka kumfikia. Niliona aibu mbele ya yule mama wa sweta, ambaye alijifanya anatafuta kalamu.

Nyuma kabisa kulikuwa na karatasi moja ya Kiswahili, mwandiko wa karani wa wakati huo, na chini yake alama ya dole gumba la zambarau. Ilikuwa ya jirani. Ilisema, "Sitaki watolewe. Wakae, walime, na wakifa wazikwe hapo hapo. Mimi nilitaka tu ijulikane ni ya nani."

Niliisoma mara tatu. Nikakumbuka mazishi ya baba. Mzee jirani alikuja na gunia mbili za viazi, akasimama nyuma ya watu wote, mpaka mama akasema mpeni kiti, hata kama alitusumbua zamani. Akashukuru, akakaa. Alikaa kwenye ardhi yake, juu ya kiti chetu, akamsikiliza mhubiri akimsifu baba kama mtu aliyepigania udongo wake bila kurudi nyuma. Nilitaka ardhi inimeze, na hata hiyo ardhi kumbe haikuwa yangu.

Nakala ya faili yote ilipigwa muhuri, nikaitia kwenye bahasha, nikatoka. Na chini ya bango, kwenye benchi langu, nani amekaa? Mwenye nguzo. Fomu iko magotini, mstari wa kwanza hauna kitu.

Akasimama kunisalimia, dada habari ya siku nyingi. Akaniambia hii ni wiki ya pili anazungushwa. Hana namba, na wametafuta jina la mzee wake upande wa walioshtakiwa mpaka wamechoka. Alisema anajua mzee wake alishindwa, kila mtu Ndabibi anajua, naye hataki ubishi; alitaka tu kuona kwa macho yake ni nini hasa kilipotea na mpaka ulipita wapi, maana yeye aliukisia tu, ndipo aende kung'oa nguzo zake kwa amani.

Nitasema ukweli kwa sababu baba hakuusema. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliipenda ile ofisi. Niliyapenda makaratasi yake, semina zake na sistemu yake yenye usingizi. Ningenyamaza tu, huyu mtu angelisoma lile bango mpaka azeeke, na mama angelala alipotaka kulala. Nikamwambia nimechelewa gari. Nikatembea mpaka getini.

Pale getini kila nilipotaka kuvuka barabara yale maneno yalinikamata: nilitaka tu ijulikane. Nikamtukana baba kimoyomoyo, tusi ambalo mtoto hapaswi kumpa mzazi. Nikarudi, nikampa bahasha.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye karatasi ya mwisho aliweka dole gumba lake kando ya lile la mzee wake, akaliacha hapo muda. Nilisubiri anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kukubali. Akapanguza uso kwa mkono.

"Mathe anaendeleaje?" akauliza.

Nikamwambia hajambo, ila magoti yanamsumbua.

"Nguzo nitazitoa. Kama mzee alisema mzikwe hapo, mimi ni nani?" Akanirudishia bahasha. "Lakini hii utamsomea mathe wewe mwenyewe. Yote."

Nilimsomea siku hiyo hiyo jioni, nje ya jiko, nikitafsiri ile hukumu mstari kwa mstari bila kuruka, ingawa nilitamani sana kuruka. Mama hajui kusoma; kesi yote aliijua kwa mdomo wa mumewe. Nilipomaliza hakuuliza kitu kuhusu baba. Aliniomba nirudie maneno ya jirani, kisha nirudie tena.

"Yule mzee nimemsalimia kwa shingo upande miaka yote," akasema, "nikijiona namsamehe."

Asubuhi alivaa kitambaa chake cha kanisani na akataka fimbo. Nilidhani anaenda kaburini. Akapita kando ya kaburi bila kugeuka, akapita kati ya nguzo ya pili na ya tatu, akapanda mpaka kwa mjane wa jirani, boma ambalo hakuwahi kukanyaga tangu mimi nivunjike mkono. Nikamfuata nyuma nikiwa na bahasha yangu yenye muhuri. Langoni akasimama, akavuta pumzi, akabisha hodi. Sauti ndani ikauliza ni nani.

"Ni mimi," mama akasema. "Yule anayekaa kwenye shamba lenu."