Arsenti na Risasi Yenye Adabu

Shemeji yangu Arsenti alikuwa mtu mfupi, miguu kama pinde, na maneno yake ya mwaka mzima ungeyafunga kwenye leso ukabakisha nafasi ya chumvi. Lakini huku kwetu, sisi Waevenki wa Siberia, msitu mzima uliijua bunduki yake. Kindi aliyepigwa na Arsenti alichelewa kujua kwamba amekufa. Mmoja nilimwona mwenyewe akidondoka kutoka juu ya msonobari huku anatafuna. Akafika chini, akameza, ndipo akakata roho. Usiponiamini, shauri yako.

Ustadi wake ulikuwa kuchagua risasi. Kabla ya msimu wa soboli, kale kanyama kama kicheche ambako manyoya yake ndiyo unga wetu na chai yetu, alitundika ngozi kuukuu mtini, akaipiga kwa kila aina ya risasi, kisha akaenda kupenyeza kidole kwenye matundu. Zenye shimo puani alizichukia: zikigusa nyama hufumuka, na soboli anabaki tambara. Zile za kasi hutokea upande wa pili na nusu ya mgongo. Yeye alitaka ya pua ya mviringo, baruti kidogo, iingie kichwani ilale humohumo.

"Risasi njema ni mgeni mwenye adabu," alisema. "Hupita mlangoni. Haivunji ukuta ikitoka."

Mwaka ule misonobari haikuzaa mbegu, na matunda ya porini yalinyauka. Theluji ikaanguka Babu hajalala. Babu ni dubu. Jina lake kwetu halitajwi ovyo. Asiponenepa halali, anazurura baridi yote na njaa yake. Majirani wa juu ya mto walikuwa wameshaliwa mbwa.

Bunduki ya Arsenti ilikuwa na mitutu miwili, mwembamba wa soboli na mpana chini yake. Asubuhi ya safari, dada yangu Ogdo akamletea risasi nene za mtutu mpana.

"Beba hizi."

"Sina ugomvi na Babu."

"Yeye anao! Tumbo lake halijui kama huna."

"Ukibeba risasi zake bila kisa, unamwita. Punguza sauti, anasikia."

"Na asikie! Amsimulie na mkewe, mzee kichwa ngumu wewe!"

Tulicheka, hata Arsenti. Alipoinama kufunga mbao zake za kutelezea, Ogdo akazitumbukiza risasi zile kwenye mfuko wake wa chai.

Hakurudi siku aliyoahidi. Tukamfuata, Ogdo na mimi, na mbwa. Pale alipowasha moto wake wa kwanza tulizikuta risasi nene zimefungwa vizuri kwenye kitambaa, zinaning'inia tawini. Alizirudisha kwa heshima, kama mtu anayekataa mahari.

Mbele zaidi theluji ilikuwa nyekundu. Bunduki ilikuwapo, mtutu mwembamba umeshafyatuliwa. Mkoba wa soboli ulikuwa juu mtini, ngozi safi zote, hata moja haina tundu. Arsenti mwenyewe tulimkusanya kwenye shuka, na shuka halikujaa.

"Turudi tukawaite wanaume," nikasema.

"Wanaume wataanza kwa kumwomba Babu radhi."

Akaokota bunduki, akatia risasi nene. Hatukutembea sana. Babu alikuwa karibu, analinda chakula chake. Alipoinuka mbwa wakanyamaza. Ogdo akamwacha asogee mpaka nikafumba macho. Bunduki ikalia, ikajazwa, ikalia tena.

Nilipofumbua Babu alikuwa amelala, amekonda, mbavu zinahesabika. Kwenye paji la uso palikuwa na kidonda kama cha sindano. Ile adabu ya Arsenti haikupita mfupa.

Babu akifa, desturi yetu ni kulia kama kunguru, tuwasingizie wao, asije akatulipiza. Nikaanza: "Kraa, kraa! Si sisi, Babu, ni kunguru..."

Ogdo akaniziba mdomo kwa glavu yake.

"Nyamaza, dada." Akainama sikioni mwa mnyama. "Dubu," akasema, jina zima, kwa sauti. "Ni mimi. Ogdo, mke wa Arsenti. Kunguru usiwasumbue."

Kisha akachomoa kisu, akaanza kumchuna, na hakuchuna kama mtu anayetaka ngozi.