Jina la Mlezi

Shangazi yangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Mama Soli. Aliishia shule ya msingi. Mtu akimkumbusha hilo kwa dharau, humjibu, "Mbona viatu vyako havikuniuliza cheti?"

Mimi ni karani wa sekondari iliyo nyuma ya kibanda chake. Mwaka juzi aliingia ofisini kwangu bila hodi, mkononi kiatu cha msichana kilichopasuka kisigino.

"Mwenye hiki anataka kuacha shule," akasema. "Kaniambia mimi, fundi wa barabarani. Nyinyi humu ndani na madigrii yenu, amemwambia nani?"

Swali hilo liliniuma.

Ndipo akaanzisha mpango wa walezi. Alizunguka mtaani akiwabana watu wazima wenye kazi zao: muuguzi, fundi bomba, mpishi wa hoteli, dereva mstaafu. Kila Alhamisi baada ya masomo walikutana maktaba, kila mlezi, Shangazi mwenyewe akiwemo, na wanafunzi wake wanane. Sheria ilikuwa moja tu: mwezi wa kwanza, marufuku kushauri. Sikiliza. Fundi bomba alishindwa siku ileile, akaanza na "enzi zetu sisi". Mama Soli akamtupia kiatu na kopo la gundi.

"Bandika hiyo soli. Mikono ikipata kazi, mdomo utapumzika."

Tangu hapo kila mlezi alikuja na kazi ya mikono. Watoto nao, walipoona hakuna anayewakodolea macho, wakasema ya moyoni. Msichana wa kiatu hakuacha shule.

Mwaka huu ulipoanza tukaletewa mwalimu mkuu mpya, mtu wa tai na mafaili. Alitaka kila mlezi alete cheti cha ushauri nasaha. Hakuna aliyekuwa nacho. Akatangaza kwamba mpango unafungwa, na kikao cha wazazi kitapitisha uamuzi huo.

"Nitakwenda kusema," Shangazi akaniambia.

"Lakini Shangazi, kikao ni cha wazazi."

"Basi wanitoe kwa kunibeba. Na wajue mimi si mwepesi."

Shangazi hakujaliwa mtoto, na wambea wamemsema kwa hilo tangu mimi ni mdogo. Nilimwogopea.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Shangazi akanyoosha mkono. Mwalimu mkuu akarekebisha miwani.

"Samahani, mama. Hapa wanazungumza wazazi na walezi walioandikishwa tu. Wewe ni mzazi wa nani?"

Mtu akacheka nyuma. Kicheko kile kilinipandisha damu, na hapohapo nikakumbuka lundo la fomu kabatini kwangu.

Fomu zetu za mwanzo wa mwaka zina mistari miwili: jina la mzazi, na chini yake, jina la mlezi. Mstari wa pili ni wa wasio na wazazi. Lakini wanafunzi wa Alhamisi, wakisikia mlezi, kila mmoja alimjua wake wa Alhamisi tu, akamwandika. Niliwalaani siku nzima kwa kuniharibia fomu, nikaziweka pembeni nije kuzirekebisha.

Nikakimbia ofisini, nikarudi na zile za kundi la Shangazi, nikasoma kwa sauti. Mlezi: Mama Soli. Mlezi: Mama Soli, fundi viatu. Mara nane.

"Hayo ni makosa ya wanafunzi!" mwalimu mkuu akafoka.

"Zina muhuri wako, mwalimu. Na sahihi yako."

Mama wa yule msichana wa kiatu akasimama. "Mwanangu hakukosea. Mwacheni mlezi mwenzangu aseme."

Shangazi akasema, tena bila kumung'unya maneno. Zilipopigwa kura, waliotaka mpango ufungwe walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu.

Watu walipotawanyika, Shangazi aliniomba fomu zile. Akazipitia moja moja, kidole chake chenye gundi kikifuata jina lake katika miandiko minane tofauti. Alirudi kwenye ile ya kwanza, akazipitia tena.

Kesho yake mwalimu mkuu aliniagiza nizirekebishe kabla ya Ijumaa. Ijumaa imepita mara nne. Fomu zimo kabatini kama zilivyoandikwa, na ufunguo ninao mimi.