Baba Alipokwenda Kumwona Twiga

Baba yangu alikuwa na adabu iliyopita kiasi, na nasema hivyo mimi mwanawe niliyempenda. Kwetu Ufipa kusalimiana ni kazi kamili. Unayemsalimu akikuzidi umri au cheo, unapiga magoti, unainamisha uso, unapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimejikunja kidogo ili visilie kwa ukali, na huinui macho mpaka uitikiwe. Mgeni aliyepita kijijini petu, upande wa Mpui, angeweza kudhani tumedondosha kitu na sote tuko chini tunakitafuta. Lakini baba aliwazidi wote. Alikuwa radhi kuweka jembe chini na kumsalimu mtu aliye ng'ambo ya bonde, ambaye pengine hata hakujua kwamba anasalimiwa.

Mimi nilizaliwa na hasira za karibu. Mama alisema nilizirithi kwa shangazi, na shangazi alisema nilizirithi kwa mama. Adabu za baba zilinichosha hasa tulipokuwa njiani, kwa sababu mwendo wa asubuhi moja kwetu ulikuwa wa siku nzima.

Mwaka ninaousimulia ni wa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi. Jicho la kushoto la baba lilikuwa limekwisha kufunga. Sista wa zahanati ya misheni alimmulika kwa kurunzi, akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba la kulia nalo lingefuata, huenda kabla ya mavuno mawili kupita. Daktari wa kukata macho alikuwa mbali, huko pwani. Baba aliposikia habari ya kukatwa, alimshukuru sista kwa makofi yake ya taratibu, akachukua kofia yake, na neno hilo halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Siku ya tatu, tukipukuchua mahindi uani, baba alituambia kuna kitu kimoja tu anachotaka kukiona kabla hajafungwa macho yote mawili, nacho ni twiga. Mama aliacha kupukuchua. Tulidhani angetaja Ziwa Tanganyika, au ndugu yake aliyepotelea kwenye mashamba ya mkonge, lakini yeye alitaka twiga.

Kumbe jambo hili lilikuwa limemkaa rohoni miaka mingi. Bendera iliyopepea bomani Sumbawanga ilikuwa na kichwa cha twiga, kichwa na kipande cha shingo, basi. Baba alipokuwa kijana aliwahi kumuuliza karani mnyama huyo ameishia wapi, na karani akamwambia kwamba shingo peke yake inapita paa la nyumba. Baba alimshukuru karani na hakumwamini. Kwenye uwanda wetu hakuna twiga. Kuna upepo, ulezi, na ng'ombe wenye baridi. Tangu hapo alikuwa akijiuliza kama karani alimdanganya, na sasa aliona muda wa kujiuliza unamwishia.

Kwa bahati, dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na askari wa wanyamapori, Mpimbwe wa huko bondeni, aliyefanya kazi katika pori la akiba la Katavi. Siku hizi ni hifadhi ya taifa. Wakati ule mwenye neno la mwisho alikuwa Bwana Nyama, afisa Mwingereza wa wanyamapori aliyeonekana mara chache na kuogopwa siku zote. Shemeji akatuombea ruhusa, ikakubaliwa, na dada akatuma barua kwamba tuje wakati wa kiangazi, wanyama wanapobanana kwenye maji yaliyobaki.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. Wao walijua mtu huenda porini akarudi na nyama. Kwenda kuiangalia nyama ikila majani, kisha kurudi mikono mitupu, hayo yalikuwa mambo ya Wazungu. Mama alibaki na ulezi wake, mimi nikapewa kazi ya kumshika baba mkono, na kama ningejua ugumu wa kazi hiyo ningeomba kubaki na ulezi.

Tulipanda lori la familia moja ya Waislamu wa mjini, lililokuwa likipeleka unga na maharage kwenye mgodi wa Mpanda. Tulikaa juu ya magunia, tumejifunika mablanketi. Tulipofika Namanyere, dereva alishuka kuswali na kunywa chai, na baba akapata wasaa wa kusalimu nusu ya soko. Mbele zaidi tukateremka kutoka uwandani, joto likatupokea, mablanketi tukayakalia. Kisha tukafika kwenye kizuizi cha mbung'o, ambapo wanaume wawili wenye nyavu ndogo walilizunguka lori wakiwasaka wadudu hao. Baba aliteremka, akapiga magoti mavumbini, akawasalimu. Mmoja wao alimwitikia huku akikimbiza mbung'o kuzunguka gurudumu, na baba akasema njia nzima kwamba kijana yule amelelewa vizuri.

Nyumba ya dada ilikuwa kambini karibu na mto, nyumba ya udongo yenye uwanja uliofagiwa hadi kung'aa. Tulikuwa na siku tatu tu, maana siku ya nne adhuhuri lori lingepita likirudi Sumbawanga, na lingine lisingekuja kabla ya wiki mbili. Dada alitupikia ugali na samaki, tukala tukiwa na furaha kubwa, na baba akamsifu mkwe wake kwa kila kitu, hata kwa kivuli cha mti uliokuwepo kabla mkwe hajazaliwa.

Siku ya kwanza shemeji alitupeleka kwenye viboko. Maji yalikuwa yamebaki kidimbwi cha tope, na viboko walikuwa wamejazana humo, mgongo juu ya mgongo, wakigombana kwa sauti nzito. Tulisimama ukingoni, karibu kiasi cha kusikia harufu mpaka kichwani. Baba aliona, alisikia na alinusa, akacheka peke yake kama mtoto. Niliipenda siku ile yote, nami pia nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho.

Siku ya pili tukaenda kwenye mbuga. Shemeji alitembea mbele na bunduki begani, akawa anatuonyesha: nyati kule, weusi mpaka mwisho wa upeo, sheshe, wale swala wekundu wa karibu na maji, wakila majani mabichi, na mbali kabisa, pembeni mwa miti, twiga sita. Niliwaona. Shingo zao zilikuwa zikienda juu ya miti kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani. Shemeji akanyoosha mkono, akauliza kama mzee amewaona.

"Naam, nimewaona," baba akasema, akapiga makofi ya shukrani. "Ahsante sana, mkwe wangu. Umenitendea makubwa."

Shemeji alifurahi hadi akaimba tukirudi. Kazi ilikuwa imekwisha, na siku ya tatu alirudi kwenye doria yake, akatuacha tupumzike. Mimi nilikuwa nimemshika baba mkono wakati alipojibu, na mkono huo ulikuwa umelegea. Mtu aliyeona kitu alichokitamani nusu ya maisha yake hawi na mkono wa namna ile. Basi siku hiyo ya tatu, tukiwa wawili kivulini, nikamuuliza waziwazi alichokiona mbugani.

"Niliona mkono wa mkwe wangu ukinyooka," akasema. "Mkono mzuri, una nguvu."

"Na twiga?"

"Amejitaabisha, mwanangu. Siwezi kumwambia ametembea bure. Nawe usimwambie."

Nilikasirika hadi nikainuka na kwenda kusimama nyuma ya nyumba. Tumekalia magunia kutwa nzima, tumeumwa na mbung'o, majirani wametucheka, mama yuko peke yake shambani, na huyu mzee anarudi bila twiga kwa kuogopa kumkosea mkwe. Nilimkasirikia kwa sababu nilimhurumia, hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua hasira tu. Alikuwa amenikataza kumwambia shemeji, lakini hakuwa amenikataza kumwambia dada, kwa hiyo nikaenda jikoni nikamwambia dada yote. Dada aliweka mwiko chini. Jioni alimwambia mumewe, naye akasema kesho tuamke na jogoo, maana twiga wa karibu hatafutwi mbugani, anatafutwa kwenye migunga.

Siku ya nne tulitoka kukiwa kumeanza kupambazuka, shemeji, baba, dada na mimi. Baba aliambiwa tunakwenda kunyoosha miguu kabla ya safari. Tulitembea mwendo mrefu katikati ya miti ya miiba, shemeji akichukua vumbi na kulipeperusha ili ajue upepo unatoka wapi. Jua lilianza kuwa kali na nikaanza kuhesabu muda wa lori moyoni. Kisha shemeji akatuashiria tusimame, na mbele yetu, hatua kama ishirini, kitu tulichodhani ni shina la mti kikasogea.

Alikuwa dume. Alitoka nyuma ya mgunga akiwa mzima mzima, akasimama, akatutazama kutoka huko juu kwa utulivu wa mtu ambaye wageni wamemkuta akila. Nilihisi baba akivuta pumzi. Nikasema moyoni, ameona. Na papo hapo baba akaniachia mkono, akavua kofia, akapiga magoti, akainamisha uso hadi karibu na nyasi, akaanza makofi yake ya taratibu.

Na sisi je? Mtoto hasimami wakati baba yake amepiga magoti. Kabla sijafikiri lolote, nilikuwa chini, na dada alikuwa chini pembeni yangu, viganja tayari. Wafipa watatu tumeinama nyasini tukimsalimu twiga, na Mpimbwe mmoja amesimama na bunduki hajui aangalie upande gani.

Twiga hakukimbia. Nilimwona kwa pembeni ya jicho, masikio yamegeuka kuelekea kwenye makofi. Lakini baba hakuinua uso. Alikuwa amesalimu, sasa alikuwa akingoja kuitikiwa, na angengoja hadi lori lifike Sumbawanga. Ukwato mmoja ukainuka, ukatua mbele. Shingo ile ndefu ikaanza kugeukia mitini. Nilielewa kwamba anaondoka, na kwamba baba atakwenda kwenye giza lake na picha ya nyasi.

"Baba, tazama," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa, bado ameinama.

Kwetu mtoto hamgusi baba yake uso. Sijui nani aliweka amri hiyo, lakini sijawahi kumwona mtu akiivunja, hata mlevi. Nilipeleka mkono, nikakiweka kiganja changu chini ya kidevu chake, nikakihisi kina mvi za kukwaruza, nikauinua uso wa baba yangu juu, juu zaidi, mpaka ukaelekea kule ulikopaswa kuelekea. Nilimsikia dada akishtuka. Baba hakupinga. Nilikishika kidevu kile, na sikukiachia mpaka shemeji aliposema kwa sauti ya chini kwamba amekwenda.

Tulirudi kambini haraka. Tulilikuta lori linatungoja, dereva amenuna. Baba akamuaga mkwe wake kwa heshima zote, akambariki dada, akapanda. Hakunitazama. Tulipita kizuizini, tukapanda mlima, tukatoa mablanketi, na bado hakuwa ameniambia neno. Nilikaa juu ya magunia matupu nikijiona nimemvunjia heshima mbele ya mkwe, kitu ambacho yeye angevumilia upofu mara mbili kuliko kukifanya. Niliogopa kweli. Nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi yaliyofanana na maungamo.

Karibu na Namanyere akaniita.

"Ulimi wake ni mweusi," akasema. "Alijilamba pua nao. Uliuona?"

Nikamwambia sikuuona. Nilikuwa nikimtazama yeye.

Akatikisa kichwa kwa kunisikitikia, kisha akaanza kunieleza: madoa, pembe mbili fupi zenye manyoya, kope ndefu, jinsi magoti yalivyo makubwa. Alieleza mpaka tukaingia mjini, na kila mtu aliyemsalimu toka hapo hadi nyumbani alielezwa vilevile. Majirani waliacha kucheka, wakaanza kuleta watoto wao wasikilize. Alikuwa na furaha, nami nilikuwa na furaha kwa sababu yake, na wala hakuna aliyezungumzia mkono wangu.

Jicho la kulia lilifunga kabla ya mavuno ya pili, kama sista alivyosema. Mimi nikaolewa Milepa, bondeni, nikawa nakwenda kumwona kila nilipopata nafasi. Kila mara nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda chake. Nilipiga magoti mbele yake, nikainamisha uso, nikapiga makofi, nikangoja. Watu wengine aliwaitikia mara moja, kama alivyowaitikia siku zote. Mimi hakuniitikia hivyo. Alinyoosha mkono hewani, ukapapasa ukakipata kichwa changu, ukateremka shavuni, ukafika chini ya kidevu, akauinua uso wangu kuelekea kwake. Alikaa hivyo kitambo, haoni kitu, amenielekezea macho yake yote mawili, ndipo akaniitikia.