Kichaka cha Kwenye Mwamba

Kichaka kile hakikunifika gotini. Kiliota katika ufa wa mwamba mweusi, kwenye kiwanja cha Kileleshwa kilichozungushiwa mabati, mahali penye changarawe tupu ambapo maji ya mvua hayatulii. Shina lake lilikuwa gumu, la mti hasa, ingawa halikuzidi unene wa penseli.

Mama ndiye aliyenituma. Alifundisha biolojia miaka mingi, na enzi hizo aliwaleta wanafunzi wake pale kuchora mimea. Sasa macho yake yamekwisha, tunaishi pamoja Ngara, na aliposikia kwamba kiwanja kitajengwa ghorofa, alitaka jambo moja tu: kujua kama mmea wake ungali pale.

Basi nikawa napita huko nikitoka kazini Kilimani, miguu mizito, kisha nikifika nyumbani naanza kueleza.

"Majani yamelala juu ya jiwe kama..."

"Usiniambie kama nini. Yamepangwaje?"

"Mawili mawili, yanatazamana."

"Ukingo?"

Ukingo sikuutazama.

"Na wewe ndiye mwandishi wa vitabu," alisema, akageukia ukutani.

Kesho yake nilipopiga magoti tena, mlinzi alinisogelea. "Boss, hiyo ni dawa ya nini? Kama ni ya mapenzi, niwekee kidogo."

"Ni ya mama yangu."

"Ah. Endelea basi."

Jioni nilimweleza mama: meno madogo ukingoni, vinyweleo upande wa chini, ua la zambarau lenye mdomo mmoja mpana. Alisikiliza amefumba macho.

"Ipo miwili inayofanana hivyo. Wangu unanukia ndimu ukiusugua. Ulinusa?"

Nilichoka kiasi cha kutaka kusema ndiyo.

"Nitanusa kesho."

Kesho yake nilikuta lango wazi na tingatinga ndani. Mwamba ulikuwa umepasuliwa vipande. Mlinzi alinionyesha rundo la vifusi bila mzaha, nami nikalichambua hadi nikapata kijiti chenye majani manne yaliyonyauka. Sikuyanusa. Niliyafunga kwenye leso.

Mama alisugua jani moja kwa kidole gumba, akalipeleka puani, akakaa nalo.

"Ndio wenyewe," alisema. "Uliukata wapi?"

"Sikuukata, mama. Waliung'oa."

Alilichukua jani la pili, akalisugua nalo, polepole, ingawa alikwisha kujua.